Chumba kinachotisha: tathmini ya gesti za majumba ya mawe Bagamoyo

Gesti zilizomo ndani ya majumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina sifa mbili zinazotajwa pamoja: vyumba vina ubaridi mzuri hata mchana wa Februari, na vyumba vinatisha. Sifa ya kwanza wageni huisema wakiwa wamekaa barazani. Ya pili huisema asubuhi wakiomba kuhamishwa, au hawaisemi kabisa, wanarudisha funguo na kuondoka kabla ya siku zao kwisha. Tathmini hii inahusu sifa ya pili. Hatutaji nyumba yoyote kwa jina, kwa sababu kasoro tunazozieleza zinapatikana katika majengo mengi ya aina hiyo. Tena, nyumba ya zamani ikishaitwa "ile yenye mambo", jina haliitoki: wageni wanapungua, ukarabati unasimama, na mvua za masika zinamalizia kazi. Bagamoyo ina magofu ya kutosha tayari.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Majini yametajwa katika Qur'ani na hatubishani na imani ya mtu. Ila swichi inayokata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laivu (waya unaouleta) ni kosa la fundi, na fundi mwingine analiondoa kwa muda mfupi tu. Sehemu kubwa ya mambo yanayomkosesha mgeni usingizi katika vyumba hivi ina chanzo kinachoshikika kwa mkono, na mara nyingi kukitibu ni rahisi kuliko kuipaka nyumba nzima rangi.

Kwanza, kwa nini kitu cha kawaida kinatisha? Mwaka 2016 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Francis McAndrew na Sara Koehnke, walichapisha utafiti uliowauliza watu 1,341 ni watu wa namna gani, kazi zipi na mazoea yapi yanayowasisimua mwili kwa hofu. Walichokiona ni kwamba msisimko ule hautokani na hatari iliyo wazi. Unatokana na kutojua kama hatari ipo. Aliyeona nyoka mlangoni anajua la kufanya. Anayesikia hatua juu ya dari na hajui ni za nani, hawezi kukimbia na hawezi kulala. Kwa hiyo kipimo chetu cha gesti ni hiki: mgeni akiuliza "hiyo ni sauti gani?", je, kuna mtu pale anayeweza kumjibu kwa uhakika?

Paa linalotembea

Malalamiko ya kwanza ni ya hatua juu ya dari, na hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa wengi wamehama vyumba vizuri kwa ajili ya bati.

Majumba mengi ya Mji Mkongwe leo yameezekwa mabati juu ya kenchi na papi za mbao (papi ni mbao nyembamba zinazopigiliwa bati). Bati la chuma lenye urefu wa mita 6 likipoa kutoka nyuzi 60 za jua la alasiri hadi nyuzi 25 za usiku hupungua urefu kwa karibu milimita 2 na nusu. Halipungui kwa utulivu. Msumari unalishika, nguvu inajikusanya, kisha linaachia: ko. Baada ya muda kidogo linaachia kwenye papi inayofuata: ko. Misumari imepigwa kwa mstari, papi baada ya papi, kwa hiyo mlio unasafiri kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Silingi bodi iliyopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao zilezile inaukuza mlio kama ngozi ya ngoma, na chumba chenye dari refu kinamalizia.

Namna ya kutambua: mlio wa bati huanza jua likizama, hukithiri kati ya saa moja na saa nne usiku, kisha hufifia. Hurudi asubuhi saa mbili au saa tatu bati likianza kupata joto, ila asubuhi hakuna anayeujali. Siku ya mawingu na mvua hupungua sana. Ukisikia kitu saa nane usiku, hakina mpangilio, kinakwaruza badala ya kugonga, hilo si bati, ni mnyama, na tutafika huko.

Tiba yake ni skrubu za bati zenye mpira badala ya misumari, na tundu la bati litobolewe pana kidogo kuliko skrubu ili bati lipate nafasi ya kuteleza. Skrubu isikazwe mpaka mpira ukapasuka. Ikikazwa kupita kiasi bati linashikwa tena na maji yanapata njia. Silingi ining'inizwe kwenye fremu yake, isishikane na papi. Mwenye nyumba asiye na fedha ya kufanya paa zima aanze na mistari iliyo juu ya vyumba vya kulala. Asiye na fedha hata ya hiyo, amwambie mgeni tu. Mgeni aliyeambiwa saa kumi na mbili jioni kwamba "bati letu linagonga mpaka saa nne, halafu linanyamaza" analala.

Taa isiyozimika

Mgeni amezima taa, amejilaza, anafumbua macho: balbu ya LED bado inang'aa hafifu, au inapepesa kila baada ya sekunde kadhaa. Hii inasumbua zaidi katika nyumba hizi kuliko katika nyumba mpya, kwa kuwa nyaya zimepitishwa zikaongezewa na kuongezewa tena na mafundi wa vizazi tofauti.

Vyanzo ni vitatu. Kilicho kibaya kuliko vyote ni swichi iliyowekwa kwenye nyutro: taa inazimika lakini holda inabaki na laivu, na umeme mdogo unaopenya unatosha kuamsha LED. Cha pili ni swichi zenye kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha zilipo gizani. Kitaa kile hupitisha umeme wake ndani ya balbu. Cha tatu ni swichi mbili za ngazi, au ya mlangoni na ya kitandani, ambapo nyaya ndefu zilizolala sambamba ukutani huambukizana umeme kidogo bila kugusana.

Fundi mwenye testa anatofautisha mara moja. Swichi ikiwa imezimwa, balbu imetolewa, testa ikiwaka kwenye holda mara nyingi maana yake swichi iko kwenye nyutro au laivu na nyutro zimepishana mahali. Hilo lirekebishwe siku hiyohiyo, kwani anayebadilisha balbu hapo akiamini amezima anaweza kupigwa na umeme. Mgeni asijaribu mwenyewe. Kwa chanzo cha pili, badilisha swichi, weka isiyo na kitaa. Kwa cha tatu, kapasita ndogo ya kufyonza umeme huo ikifungwa sambamba na taa humaliza, na wakati mwingine hata balbu ya aina nyingine inatosha. Tunapoingia gesti na kukuta taa imezimwa na bado inang'aa, tunashusha alama kuliko tunavyoshusha kwa shuka lililochakaa. Shuka chakavu haliui mtu.

Rangi ya mwanga nayo ina neno. Korido ya jumba la mawe ni ndefu, nyembamba, haina dirisha. Balbu moja nyeupe kali ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ndiyo ya manjano zaidi) katikati inaacha ncha zote mbili gizani na kuupa uso wa mtu rangi ya maiti. Tatu za wati 5, za kelvini 2700 hadi 3000, zikipangwa kila mita 3 au 4 kwa kimo cha bega, zinaondoa tatizo zima, na wati zote kwa jumla ni 15 tu.

Pangaboi

Feni ya dari ya inchi 56 ikiwekwa chini ya taa ni kosa la usanifu linaloonekana gesti nyingi, za mawe na za tofali. Mapanga matatu yakizunguka mara 200 kwa dakika hukata mwanga mara 10 kila sekunde. Vivuli vinakimbia kuta nne, na pembe ya jicho, iliyo hodari wa kukamata mwendo kuliko umbo, inaripoti kwamba kuna mtu amepita. Hakuna dawa ya feni hapa. Hamisha taa ukutani, chini ya kimo cha mapanga.

Ikiwa feni inayumba na kugugumia, pima kwa rula kutoka ncha ya kila panga hadi darini, ukilizungusha kwa mkono mpaka kila moja lipite mahali palepale. Umeme uwe umekatwa kwenye meni swichi. Tofauti ikizidi milimita 3, kaza skrubu za mapanga, na lililopinda linyooshwe taratibu. Ikibaki yumbo dogo, sarafu au washa ndogo (kile kipete cha chuma cha bolti) ikigandishwa kwa tepu juu ya panga moja baada ya jingine itaonyesha ni lipi jepesi. Feni inayovuma bila kushika kasi mara nyingi ina kapasita iliyochoka. Ya kawaida ni ya maikrofaradi 2.5, na haifai kukisia, soma iliyoandikwa kwenye ile ya zamani.

Kuna kisa cha feni kinachosimuliwa sana. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, pamoja na Tony Lawrence, waliandika kuhusu maabara ambamo watu walihisi kuna kiumbe. Tandy aligundua kwamba feni mpya ya kutolea hewa ilikuwa ikitoa mtikisiko wa chini sana, karibu na mizunguko 19 kwa sekunde, usiosikika kwa sikio. Kisa ni cha kweli, lakini tunawatahadharisha wanaokitumia kueleza kila kitu. Mwaka 2009 watafiti wa London, Chris French na wenzake, walichapisha jaribio la chumba maalumu ambamo waliweza kuwasha na kuzima mtikisiko wa namna hiyo pamoja na nguvu za sumaku. Watu wengi waliripoti mambo ya ajabu, lakini hayakufuata kama vyombo vilikuwa vimewashwa au vimezimwa. Walikuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahisi kitu, na maelezo ambayo watafiti wenyewe waliyaona yana uzito zaidi ni hayo: kutiwa neno.

Mapokezi

Na hapo ndipo gesti nyingi zinapojichimbia kaburi. "Hicho cha mwisho, kaka, we lala tu na taa." Sentensi hiyo moja, ikitamkwa kwa nia njema kabisa wakati wa kukabidhi funguo, inafanya kazi kuliko bati na balbu kwa pamoja. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: mgeni atakaa macho akilisubiri. Mfanyakazi wa mapokezi afundishwe kutaja kitu chenyewe. "Juu yako kuna tanki, likijaa usiku utalisikia" ni taarifa. "Usijali ukisikia kitu" ni adhabu.

Katika kipengele hiki gesti zinazoendeshwa na familia yenyewe huwa bora, kwa sababu mama mwenye nyumba amelala vyumba vyote na anajua kila mlio unatoka wapi.

Tanki lenyewe ni hivi. Maji ya bomba yakija usiku kwa presha, koki ya boya ndani ya simtank inafunguka na kufunga haraka haraka maji yanapokaribia kujaa, kwa kuwa mawimbi yanalinyanyua na kulishusha boya. Bomba linapokea mtikisiko huo na kuupeleka ukutani, na kinachosikika chumbani ni mlio mrefu wa kuguna. Punguza presha kwa kufunga kidogo koki ya kuingilia, badilisha mpira wa koki ya boya, na shika bomba ukutani kwa klempu kila mita moja. Mlio mmoja wa "pa!" mtu anapofunga bomba chumba cha jirani ni maji yaliyosimamishwa ghafla, klempu zinasaidia hapo pia.

Ukuta wenye uso

Kuta za majumba haya ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, na dari zake za asili zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haziendi mbali, kwa hiyo vyumba vingi havizidi upana wa mita 3 hivi ingawa ni virefu na vina kimo. Ndiyo maana sauti inarindima. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu: ukisikia mtetemo wa haraka baada yake, sauti inarudishwa na kuta mbili zinazotazamana. Mkeka mkubwa wa ukili ukutani upande mmoja na pazia zito upande wa pili vinaukata. Ni mapambo ya bei nafuu na yanafaa kuliko picha ya kioo.

Matumbawe yana chumvi, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Chokaa iliuacha unyevu huo utoke kwa zaidi ya miaka mia. Fundi wa leo akipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inachanua nyuma ya rangi, na ukuta unavimba na kubanduka kwa mabaka. Akili ya binadamu hutafuta macho mawili na mdomo popote penye mabaka. Mgeni aliyelala kwa ubavu, taa ya korido ikipenya juu ya mlango, atauona uso huo, na akishauona hawezi kuacha kuuona.

Kupaka upya ni kupoteza fedha. Baka litarudi baada ya masika. Bandua saruji yote mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu, sugua chumvi kwa brashi kavu na uikusanye nje (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), acha ukuta upumue, kisha piga plasta ya chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka zisizozidi sentimita moja kila moja, ukilinda kila tabaka na gunia bichi lisikauke haraka. Malizia kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono mitatu au zaidi. Kabati likae sentimita 5 kutoka ukutani, la sivyo nyuma yake patafuga ukungu, na harufu ya ukungu ndiyo wageni wanayoiita "harufu ya nyumba ya watu waliokufa".

Kuna harufu nyingine, ya mayai yaliyooza, inayokuja na kupotea. Hiyo ni gesi ya maji machafu. Kila tundu la bafuni lina kona ya bomba inayoshika maji ili kuziba gesi. Chumba kikikaa wiki kadhaa bila mgeni, maji yale yanakauka. Lita 2 za maji kila wiki katika kila tundu, na kwa chumba kitakachofungwa muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yapunguze kukauka. Mhudumu anayejua hili ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Vioo na vinyago

Kioo cha kabati kinachotazama kitanda ni cha kuondoa. Mwaka 2010 mtafiti wa Italia, Giovanni Caputo, aliwaweka watu 50, mmoja mmoja, mbele ya kioo kwenye mwanga hafifu kwa dakika 10. Theluthi mbili waliona uso wao ukiharibika umbo, na baadhi waliona mtu wasiyemjua. Macho yakikazwa mahali pamoja gizani huacha kuripoti yasiyobadilika, na akili hujaza pengo. Hamishia kioo ndani ya mlango wa kabati, taa iwe mbele ya anayejitazama.

Vinyago ni suala la heshima kwetu. Bagamoyo ni mji wa wasanii, una taasisi ya sanaa ya TaSUBa, na wachongaji wanauza kazi nzuri sana. Ila sanamu za Kimakonde za mtindo wa shetani na barakoa za mapiko, ambazo baadhi huwekwa nywele halisi za binadamu, zimetengenezwa zimshtue mtazamaji. Mwaka 1970 Masahiro Mori wa Japani aliandika kwamba kitu kikimkaribia binadamu bila kumfikia, mvuto wake hugeuka ghafla kuwa karaha. Mchongaji hodari anaijua mipaka hiyo kwa mkono wake. Kazi hiyo iwekwe mapokezi au barazani, kwenye mwanga, na maelezo ya aliyeichonga. Kuitundika juu ya mlango wa bafu ikimkodolea macho aliyelala ni kuidhulumu sanaa na kumdhulumu mgeni.

Wenyeji wa darini na mitini

Popo hutoka magharibi na kurudi alfajiri; mkwaruzo wa nyakati hizo mbili ni wao. Ziba matundu baada ya kuhakikisha wametoka wote na hakuna makinda, na kinyesi chao kiloweshwe kabla ya kuondolewa, fundi akiwa na barakoa, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Komba wa minazini hulia kama mtoto mchanga, tena usiku wa manane. Makinda ya bundi hutoa mkoromo mzito usiku kucha wakidai chakula, na mtu asiyejua ataapa kuna mzee amelala darini. Bundi tunashauri aachwe. Anakula panya, na uchuro anaosingiziwa haujawahi kula waya za umeme.

Mlango unaojifungua wenyewe: mchana upepo wa bahari unausukuma ukae, usiku upepo unatoka bara na kuuvuta. Ning'iniza timazi kando ya fremu. Ikiwa bawaba haziko wima, kipande cha kadibodi nyuma ya bawaba moja huurudisha. Jaribu ya chini kwanza, na mlango ukizidi kufunguka hamishia ya juu. Ikiwa ziko wima, ni ulimi wa kitasa haufiki tunduni.

Jinamizi halitokani na chumba. Mtu anaamka akili ikiwa macho na misuli bado imelala, anaona kitu kimemkalia kifuani, kwa sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi waliochoka na safari na wanaolala chali. Alale ubavu.

Cha kukataa hata bure

Kuna hofu moja ambayo haifai kutulizwa kwa maelezo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba ya zamani na kuanza kusikia hatua, kuhisi wanatazamwa, kuumwa vichwa na kuchoka. Tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na moshi wake ulivuja ndani. Lilipotengenezwa, mambo yote yakakoma. Sumu ile ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu.

Hapa kwetu hakuna tanuru, kuna jenereta. Umeme ukikatika, jenereta iliyowekwa ukumbini au chini ya dirisha huingiza sumu hiyohiyo chumbani. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, moshi ukielekea mbali. Kuna jingine linalotuhuzunisha zaidi: chumba kimeshasemwa vibaya, kinafukizwa ubani na udi kwa chetezo cha mkaa, milango imefungwa ili moshi ukae, na mtu analala humo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi hata usipofuka moshi. Fukizeni, lakini dirisha liwe wazi, na chetezo kitoke nje kabla mtu hajalala. Mkiwa wawili au watatu chumba kimoja, nyote vichwa vinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani. Nendeni hospitali.

Kwa anayekodi: fika kukiwa bado na mwanga, zima taa utazame balbu, fungua bafu unuse, uliza tanki na jenereta viko wapi. Chumba chenye madirisha pande mbili, kisicho chini ya tanki, ndicho bora katika jumba lolote la mawe, na kwa ubaridi wake hakuna gesti ya tofali inayokishinda.

Kwa mwenye nyumba, fedha ikiwa ndogo: fundi umeme kwanza, kuhamisha jenereta ambako hakugharimu kitu ila waya mrefu, kisha boya la tanki, kisha taa za korido. Paa lisubiri kiangazi. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na ukuta uliobanduliwa saruji wakati wa masika usipakwe chochote mpaka kusi iukaushe.